Asiyekuwapo na Lake Liwepo

(Haya ni mazungumzo juu ya bajeti ya Serikali na haki za watoto, yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Kila mwaka ifikapo mwezi Juni, Waziri wa Fedha husimama Bungeni mjini Dodoma na kuwasomea Watanzania bajeti ya mwaka mpya wa Serikali, mwaka ambao huanza tarehe 1 Julai. Siku hiyo redio husikilizwa sana. Mfanyabiashara husikiliza apate kujua ni kodi ipi iliyopanda. Mwenye gari husikiliza habari za petroli. Na mtumishi wa Serikali, nadhani hapa sitakosea, hutega sikio kwa ajili ya mshahara. Wote hao wanayo haki ya kusikiliza, kwani hotuba ile inawahusu. Lakini yuko raia mmoja ambaye bajeti inamhusu kuliko hao wote, naye saa hiyo yuko darasani, au yuko mgongoni mwa mama yake, au bado hajazaliwa. Raia huyo ni mtoto.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mtoto hapigi kura. Haketi katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hana chama cha wafanyakazi, na hawezi kuandika barua kwa mhariri kulalamika. Kwa desturi ya dunia, mtu wa namna hiyo husahauliwa, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumsahau. Ninalotaka kulisema leo ni kwamba sisi tunaoshika kalamu katika ofisi na shule za nchi hii tunao wajibu wa kuigeuza methali hiyo. Mtoto hayupo mezani, lakini lake liwepo. Liwepo katika kasma inayoonekana, litolewe kwa wakati, na lisiwe la kwanza kukatwa mambo yanapokuwa magumu.

HAKI INA GHARAMA

Nchi yetu imekwisha kutia saini yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, nasi tukauridhia mwaka 1991. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa mwaka 1990, nasi tukauridhia mwaka 2003. Kisha mwaka 2009 Bunge likatunga Sheria ya Mtoto, ambayo pamoja na mambo mengine imeipa kila halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kwa hiyo mtumishi wa halmashauri anayemtetea mtoto katika bajeti haombi hisani. Anatekeleza sheria.

Yafaa tukumbuke kwamba ule Mkataba wa mwaka 1989 haukuishia katika maneno mazuri. Umezitaka nchi zitumie rasilimali zilizonazo kwa kadiri ya mwisho ya uwezo wao ili haki hizo zitimizwe. Na mwaka 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba huo ilitoa ufafanuzi mrefu juu ya jambo moja tu: namna ya kupanga, kupitisha, kutumia na kukagua fedha za umma kwa ajili ya haki za mtoto. Sababu ni rahisi kuielewa. Kila haki ina gharama yake. Mtoto ana haki ya jina na kutambuliwa, lakini cheti cha kuzaliwa kinahitaji karatasi, daftari, na mtu wa kuandika. Ana haki ya kukingwa na maradhi, lakini chanjo inahitaji jokofu, na jokofu linahitaji umeme au gesi, na muuguzi anahitaji pikipiki yenye mafuta ili afike kwenye kitongoji cha mbali. Ana haki ya kusoma, lakini chaki haioti shambani. Haki isiyokuwa na kasma hubaki kuwa nia njema, na nia njema haijazi tumbo la mtoto.

TULIKOTOKA

Ndugu zangu, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1969, alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU, Mwalimu Nyerere aliwafundisha wananchi kwamba kupanga ni kuchagua. Na taifa lilichagua. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, iliamua kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule wapate nafasi ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja hadi mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa awali. Nchi ilikuwa maskini wakati huo kuliko ilivyo sasa. Walimu hawakutosha, wakatafutwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wanafundisha. Kasoro zilikuwapo, na wapo waliozieleza kwa haki. Lakini hapana anayeweza kusema kwamba umaskini ulituzuia kuchagua.

Kisha ikaja miaka migumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikula akiba, na bei za mazao yetu katika soko la dunia zikaanguka. Katika miaka ya 1980 bajeti za huduma zilibanwa na michango ya wazazi ikarudishwa shuleni. Matokeo yake tuliyaona: watoto walipungua madarasani, majengo yalibomoka, na sifa tuliyoipata duniani kwa elimu ya watu wote ikafifia. Katika miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikilipa madeni ya nje kwa fedha ambazo zingeweza kununua madawati na dawa. Tulipopata nafuu ya madeni mwaka 2001, ada ilifutwa tena na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania Bara, ambao mwaka 2001 walikuwa milioni 4.8 hivi, walifikia karibu milioni 8 mwaka 2006. Watoto hao milioni tatu hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwapo nyumbani siku zote, wakingoja fedha.

Somo la historia hiyo ni moja. Bajeti inapobanwa, mzigo humwangukia mtoto upesi kuliko mtu mwingine, kwa sababu yeye hapigi kelele. Na fedha inapopatikana, mtoto huitikia upesi vile vile.

ELFU KUMI YA MWAKA 2002

Sasa nizungumze na walimu, maana hili wanalijua kuliko mimi. MMEM ulipoanza, ruzuku ya uendeshaji, ile ambayo shuleni imezoeleka kwa jina la kapitesheni, ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Wakati huo dola 10 zilikuwa takribani shilingi 10,000. Elimu bila ada ilipopanuliwa hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, kiasi kilichotajwa kwa shule ya msingi kilikuwa kile kile: shilingi 10,000. Katika miaka hiyo 14 bei ya daftari haikusimama, wala bei ya saruji, wala ya karatasi za mitihani. Shilingi 10,000 za mwaka 2016 hazikufikia hata dola 5. Tarakimu haikubadilika, lakini haki ya mtoto ilipunguzwa zaidi ya nusu, bila kikao chochote kuketi na kuamua kwamba ipunguzwe.

Tena, katika hizo shilingi 10,000, utaratibu wa mwaka 2016 ulipeleka shilingi 6,000 moja kwa moja shuleni, na shilingi 4,000 zikabaki kwa ajili ya vitabu. Chukua shule yenye wanafunzi 600. Kwa hesabu hiyo shule hupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani shilingi 300,000 kwa mwezi, au shilingi 500 kwa kila mtoto. Katika hizo Mwalimu Mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, arekebishe mlango uliong'oka, na aendeshe ofisi. Sisemi haya kuilaumu Serikali, ambayo iliufanya uamuzi mwema wa kumwondolea mzazi mzigo wa ada, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ikaupanua hadi kidato cha tano na cha sita. Nasema ili tuelewe kwamba fungu la mtoto likiandikwa kwa shilingi na kuachwa bila kupimwa kwa bei za sokoni, hunyauka lenyewe kama mche usiomwagiliwa. Mshahara una watu wa kuutetea unapozidiwa na bei. Kapitesheni inatetewa na nani, kama si mwalimu anayeipokea?

MTOTO HANGOJI MWAKA WA FEDHA

Jambo la pili ni wakati. Kutenga ni kitu kimoja, na kutoa ni kitu kingine. Mwaka 2017 Serikali ilitiliana saini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na halmashauri zikatakiwa kutenga si chini ya shilingi 1,000 kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano. Uamuzi huo ulikuwa wa maana kubwa, kwa sababu ulimhesabu mtoto mmoja mmoja. Lakini tuseme halmashauri ina watoto 50,000 wa umri huo. Imetenga shilingi milioni 50, na kitabu cha bajeti kinapendeza. Ikifika mwezi Mei zimetolewa milioni 20, na mwezi Juni, katika haraka ya kufunga hesabu, milioni nyingine 15 zinatumika kwa semina. Katika karatasi, fungu limetumika kwa asilimia 70. Mtoto amepata nini?

Wataalamu wa lishe wanatuambia kwamba siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili ndizo zinazojenga mwili na ubongo wake. Mwana akidumaa katika siku hizo, chakula cha baadaye hakiwezi kurudisha yote yaliyopotea. Barabara isiyojengwa mwaka huu itajengwa mwakani, nayo itapitika. Ofisi isiyopakwa rangi itangoja. Lakini mtoto mwenye miezi 18 mwezi Desemba hatakuwa na miezi 18 tena mwezi Julai. Kwake yeye fedha iliyochelewa hufanana sana na fedha iliyonyimwa.

Wala tusidhani kwamba fedha kwa watoto hupotea bure. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 81, na mwaka 2022 walikuwa 43. Hayo ni matunda ya chanjo, vyandarua, na zahanati zilizosogezwa karibu na wananchi. Lakini zitazameni pia tarakimu za watoto wachanga, wale wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mwaka 2010 walikuwa 26 katika kila 1,000, na mwaka 2022 walikuwa 24. Hapo tumesogea kwa hatua ndogo sana. Sababu ni kwamba mtoto mchanga hamwokoi mtu kwa kampeni ya siku mbili. Anahitaji mkunga aliyepo usiku, chumba chenye joto, hewa ya oksijeni, na gari la kumkimbiza hospitali. Nayo hayo ni matumizi ya kila siku, yanayodai fungu la kudumu. Na udumavu, uliokuwa asilimia 34 mwaka 2015/16, ulikuwa bado asilimia 30 mwaka 2022. Katika kila watoto kumi tunaowapokea darasa la kwanza, kwa wastani watatu waliumizwa na njaa isiyoonekana kabla mwalimu hajawafundisha herufi moja.

MALI BILA DAFTARI

Nini kifanyike? Tuanze na mfano wa nyumbani. Mwaka 1983 ulianzishwa mkoani Iringa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianzia katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, matokeo yakaandikwa, na kamati ya kijiji ikaketi kujiuliza: nani amepungua, kwa nini, na sisi wenyewe tunaweza kufanya nini kwa tulicho nacho? Ifikapo mwaka 1988, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka karibu asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Fedha za nje zilisaidia, lakini kilichoziongoza ni daftari la kijiji. Mtoto alionekana kwa jina, na kwa kuwa alionekana, lake likawapo.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Uganda. Katika miaka ya 1990 walifuatilia ruzuku ya shule za msingi kutoka Hazina hadi shuleni, wakagundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizotumwa kwa ajili ya uendeshaji. Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ikifika. Wazazi walipojua kilichokuwa chao, walikidai. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lililofungiwa kabatini halina tofauti kubwa na kukosa daftari.

Kwa hiyo naomba mambo manne, ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyaanza bila kungoja waraka mpya.

Kwanza, mtoto aonekane katika mpango wa kijiji na mtaa. Mkutano wa wananchi unapotaja vipaumbele, tumezoea kutaja jengo. Afisa Mtendaji na mwalimu wawepo na tarakimu zao: watoto wangapi wamedumaa, wangapi hawana cheti cha kuzaliwa, wangapi wenye ulemavu wako nyumbani kwa kukosa kiti cha magurudumu au choo wanachoweza kukitumia. Na pale yalipo mabaraza ya watoto, wasikilizwe kabla ya bajeti kufungwa, wasiitwe tu kuimba siku ya sherehe.

Pili, fungu la mtoto lipimwe kila mwaka kwa bei za sokoni. Mwalimu Mkuu aandike kwa halmashauri, kwa tarakimu, kapitesheni ya mwaka uliopita ilinunua nini na ya mwaka huu inanunua nini. Barua moja itapuuzwa. Barua za shule zote za wilaya haziwezi kupuuzwa.

Tatu, kanuni ya kukata ibadilishwe. Mapato yakipungua katikati ya mwaka, Mweka Hazina aanze na safari, semina na viburudisho. Lishe, chanjo na ulinzi wa mtoto viwe vya mwisho. Mwaka 2018 sheria iliagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iwe mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na madiwani wakapata mahali pa kushika wanapohoji. Mtoto hakopi, hivyo hakutajwa humo. Lakini tumejifunza kwamba kilichoandikwa katika sheria huhojiwa, na kilichoachwa kwa hiari husahauliwa.

Nne, ulinzi wa mtoto usiachiwe wafadhili. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18, na kwa wavulana ni mmoja kati ya saba hivi. Mwalimu anayemgundua mtoto wa namna hiyo anahitaji afisa ustawi wa jamii aliye karibu, mwenye usafiri na mahali salama pa kumweka mtoto usiku ule. Mara nyingi kazi hiyo imeendeshwa kwa fedha za miradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mwaka 2025, Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake, nchi nyingi za Afrika zilikumbushwa kwamba msaada ni wa mwenyewe, naye hutoa apendavyo na kuondoa apendavyo.

KUCHAGUA

Najua yupo atakayesema kwamba mapato yetu ni haba na mahitaji ni mengi. Ni kweli. Yupo pia atakayesema kwamba barabara, maji na umeme vinamfaa mtoto pia, kwa hiyo hapana haja ya kumtafutia kasma yake. Nalo lina ukweli ndani yake. Kisima cha kijiji humwokoa mtoto na kuhara, na barabara humfikisha mama hospitali. Lakini jambo linalosemwa kuwa la wote, mara nyingi huishia kwa yule mwenye sauti. Ndiyo maana tunamwomba mpangaji aonyeshe, katika kila fungu, ni kiasi gani kinamfikia mtoto, ili diwani aweze kuuliza na mzazi aweze kujibiwa. Na kama mapato ni haba, ndipo haja ya kuchagua inapozidi, maana mwenye vingi hachagui, huchukua vyote.

Karibu nusu ya Watanzania ni watoto. Katika muda wa miezi michache kila mwaka, mwongozo wa bajeti unapotoka na fomu zinapojazwa, hatima yao hupita mikononi mwa watu wasiojulikana majina: karani wa kata, mwalimu wa takwimu, mchumi wa wilaya, muuguzi wa zahanati. Watu hao ndio ninyi. Fomu za mwaka ujao zitakapofika mezani kwenu, kabla hamjanakili tarakimu za mwaka jana na kuongeza kidogo juu yake kama ilivyo mazoea, hesabuni kwanza watoto.